Barazani kwa Karani: Wimbo wa Miaka Ile



Juma hili sitaongea habari ya zaka, wala ya vyeti vya ubatizo vinavyopotea kila mwaka wakati wa kuandikisha watoto shule. Leo naomba tuketi tuongee habari ya nyimbo. Si nyimbo za misa. Hizo zina wenyewe, na mwalimu wa kwaya hapendi karani aingize mdomo. Nasema habari ya nyimbo za dansi, zile ambazo watu wazima huziita zilipendwa. Usishangae kuzikuta katika gazeti la Kanisa. Mkristo naye ana masikio, wala arusi zetu haziishi pale padre anapotoa baraka.

Swali langu ni hili. Ukiambiwa uchague wimbo mmoja tu, usimame badala ya miaka fulani, kama mjumbe asimamavyo badala ya watu wa kijiji chake, utachagua upi? Labda wasema ni kazi nyepesi. Nami nilisema hivyo hivyo. Ngoja nikueleze jinsi nilivyokosea.

Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka wa Jubilei katika Kanisa lote. Parokia yetu, iliyo upande wa njia ya Ilongero, kaskazini ya mji wa Singida, ikaamua kuwaheshimu wenye ndoa wa siku nyingi: waliofunga ndoa mwaka 2000, waliofunga mwaka 1985, na zaidi ya wote wale wa mwaka 1975, waliotimiza miaka 50. Kamati ikakutana. Akina mama wa WAWATA wakachukua mambo ya chakula. Vijana wakachukua viti na maturubai. Halafu mjumbe mmoja akasema yafaa kila kundi la wazee litakapoingia ukumbini lipigiwe wimbo mmoja wa miaka yao, ili wajukuu wapate kusikia babu zao walicheza nini. Wote wakapiga makofi. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akasema, "Karani alisomea ualimu, tena ndiye mwenye kutunza vitabu vyote vya parokia. Basi, yeye atachagua."

Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu aanzie kwenye jambo linalojulikana, ndipo aende kwenye lisilojulikana. Mimi nilizaliwa miaka mingi baada ya hizo ndoa za 1975. Kwangu mimi kilichojulikana kilikuwa simu yangu. Nikaanzia hapo.

Wimbo wa kwanza kunijia ulikuwa Malaika. Nani asiyeujua? Fadhili William wa Kenya aliuingiza katika sahani ya santuri huko Nairobi, yapata mwaka 1960, ingawa wengine walidai kwamba wao ndio walioutunga, na ubishi huo haujaisha hata leo. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini akauchukua akaupeleka Ulaya na Marekani, na mwaka 1981 hata kundi la Boney M likauimba. Tena ni wimbo wa kijana aliyeshindwa kuoa kwa sababu ya mali, jambo ambalo Mnyaturu aliyepata kuhesabiwa ng'ombe wa mahari hahitaji kufafanuliwa. Nikaupeleka kwa katekista wetu, mzee mwenye maneno machache. Akasikiliza, akasema, "Wimbo mzuri. Lakini umeimbwa kabla ya Uhuru, ukaimbwa baada ya Uhuru, na hata sasa wageni wakishuka katika hoteli huimbiwa huo. Sasa ni wimbo wa miaka ipi?" Nikaona ana haki. Wimbo wa miaka yote hauwezi kuwa mjumbe wa miaka fulani.

Nikaenda kwa wa pili. Huo ni Harusi, wimbo wa Afro 70, bendi ya marehemu Patrick Balisidya. Huyu alikuwa jirani yetu, mzaliwa wa Mvumi katika mkoa wa Dodoma, na alipofariki mwaka 2004 watu wengi wa huku Kanda ya Kati walimlilia kama ndugu. Wimbo wake umepigwa katika arusi nyingi hata hauna hesabu. Lakini hapo pia pana kasoro. Wimbo wa arusi hukuambia habari za arusi. Haukuambii kama siku ile watu walikula wali au walikula unga wa msaada.

Wa tatu ulikuwa Shida, wa Mbaraka Mwinshehe. Mbaraka alikuwa nguzo ya Morogoro Jazz, tena alikwenda na bendi hiyo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akaanzisha bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Mwezi wa Januari mwaka 1979 akafa kwa ajali ya gari nchini Kenya, wakati majeshi yetu yapo vitani na Idi Amin. Baada ya vita ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari, na wimbo wenye jina hilo ukawa kama umetungwa kwa ajili ya foleni zile. Nikasema moyoni, huu ndio. Nikaupeleka kwa mwenyekiti. Akavua miwani, akaniuliza, "Karani, wazee wametimiza miaka 50 ya ndoa, nawe wataka tuwaingize ukumbini kwa wimbo uitwao Shida?" Isitoshe, wimbo wenyewe ulitokea mwishoni mwa miaka ile ya 70, wazee wetu wakiwa wameshapata watoto. Nikaurudisha mfukoni.

Hapo ndipo nilipoacha simu nikaanza kuuliza. Kwanza nilitaka kuelewa kwa nini watu wa miaka ile, toka Bukoba hata Songea, wazijua nyimbo zilezile. Sababu yake si ngumu. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1965 serikali ikaichukua kazi hiyo, na chombo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Tangu hapo hata mwanzoni mwa miaka ya 90 hapakuwa na redio nyingine Tanzania bara. Kiwanda cha kutoa santuri hatukuwa nacho, na bendi iliyotaka santuri ilifunga safari kwenda Nairobi. Nyingi zilikwenda tu katika studio ya redio, zikaimba mbele ya mtambo, na utepe ukabaki pale. Redio ikipiga utepe huo jioni, mvuvi wa Mafia na mchunga ng'ombe wa Iramba waliusikia kwa saa ileile.

Tena bendi zenyewe nyingi zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Umoja wa vijana wa TANU ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, na polisi, magereza na jeshi vilevile. Magitaa yalikuwa ya ofisi, na mpiga gitaa alipokea mshahara mwisho wa mwezi kama karani. Ndiyo maana bendi ileile iliweza kuimba mapenzi wimbo huu, na wimbo unaofuata ikahimiza kilimo na siasa. Msikilizaji hakuona ajabu. Alimeza vyote kwa pamoja, kama mtu alaye ugali na mboga.

Huku kwetu redio zilikuwa chache. Mwenye redio alijulikana kijiji kizima, na jioni uani kwake palijaa watu. Mawe ya redio yakichoka, yaliwekwa juani yapate nguvu kidogo, yapige walau taarifa ya habari na wimbo mmoja.

Nilipoelewa hayo, kundi la 1985 halikunipa taabu. Niliwauliza mmoja mmoja, wakataja nyimbo mbili tatu tu, na mwisho wakakubaliana juu ya Neema, wa Mlimani Park, ulioimbwa na Cosmas Chidumule. Mama mmoja akanong'ona kwamba waupenda zaidi kwa kuwa mwimbaji huyo baadaye aliacha dansi akaenda kumwimbia Mungu. Kundi la mwaka 2000 likawa kinyume chake. Niliuliza watu sita, nikapata nyimbo saba. Wakati ule Radio One ilikuwa hewani tangu mwaka 1994, Radio Maria ilikuwa imeanza kule Songea mwaka 1996, na nyingine zilikuwa zikifunguliwa. Mume alikuwa akisikiliza Bongo Fleva iliyokuwa ikichipuka, mke akisikiliza kwaya, kila mmoja na redio yake. Mwisho nikapiga kura ya karatasi katika kofia. Mshindi hakumfurahisha hata mmoja, lakini amani ilipatikana.

Wakabaki wale wa 1975, na hao ndio sababu ya mimi kuandika leo.

Nilikifungua Kitabu cha Ndoa. Msomaji, vitabu vya parokia ni vitu vikavu kwa mtu asiyevizoea, lakini ukivitazama polepole huanza kusema. Katika kitabu hicho kipo kisanduku cha makao ya bwana na bibi arusi. Katika kurasa za mwaka 1972, mwaka uleule jimbo letu la Singida lilipoanzishwa, makao ni ya kila namna: mmoja nyuma ya kilima fulani, mwingine penye mbuyu mkubwa, mwingine ng'ambo ya mbuga. Kila mtu na mahali pake. Funua hata mwaka 1975. Vilima vimekwisha. Mibuyu imekwisha. Karani wa wakati ule, kwa mwandiko mzuri wa wino wa buluu, ameandika jina la kijiji kilekile, ukurasa mzima, toka juu hata chini.

Walio wakubwa wajua sababu yake. Mwezi wa Novemba mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba kabla mwaka 1976 haujaisha kila mtu wa shamba awe kijijini. Watu zaidi ya milioni 10 wakajikuta vijijini kwa muda wa miaka michache. Nia yake ilikuwa shule, zahanati na maji karibu na watu. Lakini mahali pengi viongozi walikuwa na haraka kuliko nia. Watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba zikabomolewa, na nyingine zikachomwa. Na mvua za miaka ile zilikuwa haba. Ndiyo miaka ya unga wa mahindi ya njano.

Katika ndoa zile za 1975, waliobaki hai mume na mke ni jozi tatu. Jozi ya kwanza waliniambia nichague nipendavyo, masikio yao hayasikii tena. Wa pili walisema wao tangu ujana walipenda nyimbo za Bikira Maria tu. Nikaenda kwa wa tatu. Wameniruhusu kuyaandika haya, ila nisitaje majina.

Nilimkuta bibi uani akipeta uwele, na babu ameketi chini ya mwarobaini akitengeneza mpini wa jembe. Nikaamkia, nikapewa kiti, nikaeleza shida yangu.

"Bibi," nikasema, "mwaka ule mlipofunga ndoa, mlipenda wimbo gani wa redio?"

"Sikuwa na redio, mjukuu wangu."

"Hata ya jirani?"

Akapeta mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Upo mmoja," akasema. "Lakini huo usiupige."

Akanitajia. Ni wimbo mmoja wa mapenzi wa Morogoro Jazz. Jina lake nitalificha, maana mwimbaji hana kosa lolote, na nikilitaja wewe nawe hutausikia tena kama zamani.

Akaanza kunieleza. Mwaka 1974 alikuwa msichana wa miaka 17. Kwao kulikuwa nyuma ya vilima, mahali penye zizi, makaburi ya babu zake, na tembe kubwa iliyojengwa na baba yake. Walikuwa wameambiwa wahamie kijiji kipya penye barabara. Baba akakawia, alitaka kwanza amalize kuvuna. Asubuhi moja wakaja mgambo na lori. Hawakumpiga mtu. Walipanda juu ya tembe, wakaufukua udongo, wakaanza kung'oa miti ya paa, ili nyumba isikalike tena. Mama yake akatoka na kuku wawili kwapani, vumbi limemfanya mweupe kama aliyepakwa unga. Kijana mmoja katika wale hakupanda juu. Kazi yake ilikuwa kulinda baiskeli, na katika usukani wa baiskeli ilifungwa redio kwa mpira. Redio ilikuwa ikiimba wimbo ule.

"Nami nilikuwa naupenda," akasema bibi. "Hilo ndilo lililoniuma. Nilisimama pale nikausikiliza, huku nyumba ya baba inaanguka. Ulipofika katikati yule kijana akapanda baiskeli akaenda nao. Tangu siku hiyo, ukipigwa mahali, naondoka. Watu hudhani naenda kutazama jikoni."

Sikuwa na la kujibu. Nikatazama daftari langu. Ndipo nikasikia kule chini ya mwarobaini kazi ya mpini imesimama.

"Wimbo huo?" babu akauliza.

"Huo huo."

Babu akanyamaza kitambo. Halafu akanigeukia mimi, kana kwamba ni rahisi zaidi kuniambia mimi. Akasema kwamba yeye alitoka upande mwingine kabisa, mwendo wa siku nzima kwa miguu, naye akaletwa kwa lori lilelile. Katika kijiji kipya nyumba zilipangwa mistari, na kiwanja chake kikaangukia jirani na cha baba wa msichana huyu. Kaka yake aliyefanya kazi ya reli alikuwa amempa redio. Kila jioni aliitundika mlangoni, na wimbo ule ukitokea aliifungulia sauti yote, binti wa jirani apate kusikia. Na kila mara binti aliinuka akaingia ndani.

"Nikasema, huyu ana haya, amelelewa vema," akasema babu. "Ndiyo maana nikapeleka posa. Miaka 50 nasimulia watoto jinsi mama yao alivyokuwa na haya." Kisha akamgeukia mkewe. "Kumbe nilikuwa nakufukuza?"

"Ulikuwa unanifukuza," akasema bibi. "Nami nikaja."

Wakacheka wote wawili, lakini si kicheko kirefu. Babu akaushika mpini wake akautazama kama hajui ni kitu gani. Nami nikaona yanipasa kuondoka, nikafunga daftari nikaaga. Nilipofika mlangoni bibi akaniita.

"Mjukuu wangu, upige basi wimbo wenyewe. Lakini uupige wote. Sijausikia mwisho wake."

Nililipeleka jambo hili kwenye kamati, si yote, kiasi cha kutosha. Ubishi ukawa mkubwa. Mmoja akasema sherehe ni sherehe, ya nini kufukua mambo ya mgambo? Mwingine akasema bila vijiji vile yeye asingeona shule, na asiyekubali atazame wasomi wangapi wametoka hapa. Mwingine akajibu kwamba shule ameiona, lakini kaburi la babu yake hakuliona tena. Mwenyekiti akagonga meza. Ndipo katekista wetu akaomba kusema. Akakumbusha Zaburi ya 137, inayosimulia Waisraeli waliohamishwa kwenda Babeli. Wale waliowahamisha waliwataka waimbe nyimbo za kwao, nao wakavitundika vinubi vyao mitini, wasiweze kuimba. "Zaburi hiyo Kanisa halikuifuta," akasema. "Twaisali mpaka leo. Kama Mungu aliruhusu machungu yaingie katika kitabu cha nyimbo, nasi tusiogope wimbo mmoja wa dansi. Tena huyu mama hakulazimishwa. Ameuomba mwenyewe."

Ikapita.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Kundi la mwaka 2000 wakaingia na wimbo wao wa kofiani, wakanung'unika lakini wakacheza. Wale wa 1985 wakaingia na Neema, na mabenchi ya nyuma yote yakasimama. Halafu wakaja wazee wetu watatu wanaume na wake zao, polepole, wengine kwa fimbo. Nikampa ishara kijana wa vyombo. Wimbo ukaanza.

Watu waliimba tangu ubeti wa kwanza. Vijana waliozaliwa juzi waliujua. Sijui waliusikia wapi. Mimi macho yangu yalikuwa kwa bibi. Alipofika katikati ya ukumbi alisimama, na mumewe akasimama naye, akamshika kiwiko. Nikadhani atakwenda kutazama jikoni. Hakwenda. Alisimama pale na kitenge chake kipya, mikono ameifumbata, anasikiliza kama mtu asikilizaye hukumu ya baraza. Gitaa likapiga sehemu ile ndefu. Watu wengine walikuwa wamekwisha anza kuketi. Yeye akabaki amesimama hata sauti ya mwisho ikapotea.

Akamwelekea mumewe, nami nilikuwa karibu nikasikia. "Kumbe ndivyo unavyoisha," akasema. Wakaenda kuketi, wakaletewa soda.

Basi, msomaji mpendwa, jibu langu kwa lile swali ni hili. Wimbo wa miaka fulani asiuchague mtu ambaye hakuwapo. Nasema hivyo kwa kujilaumu mwenyewe. Mimi nilitafuta wimbo bora, nikatafuta wimbo mashuhuri, nikatafuta wenye jina lifaalo. Huo ni uchaguzi wa mtu aliye mbali. Wale waliokuwapo hawakuwa wakichagua. Wimbo uliwakuta katika kazi zao: mmoja akimlilia baba yake, mwingine akitega masikio ya jirani. Wimbo ni mmoja, redio ni moja, na mwaka ni mmoja. Ukimwuliza babu peke yake utaandika kwamba miaka ile ilikuwa mitamu. Ukimwuliza bibi peke yake utaandika kwamba ilikuwa michungu. Uliza wote wawili, tena waulize wakiwa pamoja. Wao wenyewe walikaa miaka 50 bila kuulizana.

Na jambo la pili. Wazee wanaondoka. Katika kitabu changu karibu kila mwezi naandika jina mahali ambapo sipendi kuandika. Nyimbo zenyewe zipo, zimehifadhiwa, utazisikia ukitaka. Lakini habari ya mama na kuku wawili kwapani haimo katika utepe wowote. Imo katika kichwa cha mtu anayepeta uwele uani, na hataisema kama hukumwuliza.

Kwa hiyo juma hili nakupa kazi, kama mwalimu ampavyo mwanafunzi. Jioni moja, kabla ya kulala, mwulize mzee wa nyumbani kwako swali moja tu: "Wimbo gani ukipigwa huondoka?" Usimwulize wimbo aupendao; huo atakutajia hata kwa mgeni. Mwulize huu mwingine, kisha unyamaze, umwachie nafasi. Akikujibu, andika katika daftari pamoja na mwaka na mahali. Na ukiona vema uniletee barua ofisini, ama umpe katekista wako. Zile nitakazoruhusiwa nitazisimulia hapa barazani.

Mimi nami nimeulizwa na mke wangu, wimbo upi utasimama kwa ajili ya miaka yetu sisi. Nimemjibu kwamba hilo wataamua wajukuu wetu, nao watakosea, mpaka waje kutuuliza.

Wasalaam katika Kristo,
Karani wenu